Kwa nini mota haiwezi kulisha jenereta inayoilisha

Video zenyewe huwa fupi, dakika mbili tatu. Mota ya hospawa moja imefungwa juu ya meza ya chuma. Mkanda unatoka kwenye puli yake kwenda kwenye gurudumu zito, na mkanda mwingine unatoka kwenye gurudumu kwenda kwenye jenereta iliyoondolewa injini. Mtu anachomeka mota ukutani, gurudumu linashika kasi, balbu zinawaka. Halafu anafanya lile jambo linalowafanya watu waisambaze video usiku kucha: anachomoa plagi ukutani, anaichomeka kwenye ekstensheni inayotoka kwenye jenereta yenyewe, na balbu zinaendelea kuwaka. Mota inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, na kinachobaki ni cha matumizi ya nyumbani. Umeme wa bure.

Kikundi chetu hapa Morogoro kilikusanyika kwa sababu ya video ya namna hiyo. Tuko tisa: mafundi wawili wa kusuka mota, mwalimu wa fizikia wa sekondari, vijana wanne waliotoka chuo cha ufundi, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa malori, na mimi. Tunakutana Jumamosi baada ya saa tisa, nyuma ya karakana ya mmoja wa mafundi. Mzee ndiye aliyekuja na gurudumu. Alikuwa amelichongesha kwa fedha yake mwenyewe, chuma cha kilo 50, akitaka kuwasha taa kwenye nyumba yake ya shamba ambako nguzo za umeme hazijafika. Hakuna aliyemcheka, na sipendi maandishi yanayoanza kwa kuwacheka watu kama yeye. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama mota inazungusha na jenereta inazalisha, kwa nini visilishane?

Kumjibu kwamba sheria ya fizikia inakataa hakumsaidii. Sheria ambayo mtu hajaonyeshwa inavyofanya kazi haina tofauti na amri ya mkuu, na amri watu huivunja. Kwa hiyo tulikubaliana kuifuata mashine kipande kwa kipande, kuona kila kimoja kinatoa nini na kinakula nini.

Tuanze na gurudumu, maana ndilo linalodaiwa kuongeza nguvu. Anayenunua umeme wa LUKU tayari anajua nusu ya hesabu hii. Wati ni kasi ya kutumia umeme, yuniti ni kiasi kilichotumika. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti moja. Ukipenda mfano wa maji, wati ni kasi ya maji yanavyotoka bombani, yuniti ni maji yaliyomo kwenye ndoo. Gurudumu linalozunguka ni ndoo. Halitengenezi maji, linayatunza yale ambayo mota imeyamimina wakati wa kulivuta hadi lishike kasi. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni ukubwa wa ndoo hiyo.

Mwalimu alichukua chaki. Kilo 50, kipenyo sentimita 60, mizunguko 1,500 kwa dakika. Jibu likatoka jouli zipatazo 27,800 (jouli moja ni wati moja ikitumika sekunde moja), yaani wati-saa 7.7; wati-saa 1,000 ndizo yuniti moja. Kwa lugha ya LUKU, haifiki yuniti 0.008. Betri ya simu ya kawaida ya mAh 5,000 inabeba wati-saa kama 19. Chuma kile chote, pamoja na mngurumo wake wa kutisha, kilikuwa na chini ya nusu ya nishati iliyokuwa ndani ya simu ya kijana aliyekuwa akiturekodi.

Siri ya video imo humo. Gurudumu lenye jouli 27,800 likiwasha balbu moja ya LED ya wati 10, na tukijifanya kwamba hakuna msuguano, lingeiwasha dakika 46. Likitakiwa kutoa wati 1,000, limekwisha baada ya sekunde 28. Mtu akichomoa plagi na kurekodi nusu dakika, anachokuonyesha ni ndoo ikimwagika. Balbu za LED nazo zinasaidia kuficha jambo, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zing'ae vilevile hata volti zikishuka sana. Balbu ya zamani ya waya ingekuwa nyekundu kama kaa la moto muda mrefu kabla gurudumu halijasimama. Ukikutana na video kama hizo, usitazame balbu. Sikiliza sauti ya mashine baada ya plagi kuchomolewa, kisha uliza kwa nini imekatwa pale ilipokatwa.

Hilo halifanyi gurudumu zito kuwa kitu kisicho na kazi. Kwenye injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, ndilo linalobeba pistoni kuivusha pale inapokandamiza hewa, na bila hilo injini ingezima. Kazi yake ni kulainisha mwendo. Anayelipa ni mafuta.

Kitu cha pili kinachowachanganya wengi ni kibao kilichobandikwa kwenye jenereta. Imeandikwa kVA 5, ambazo mtu huzisoma kama wati 5,000, na mota iliyofungwa ni ya hospawa moja, sawa na wati 746. Mtu anaona wati 746 zinaingia na elfu tano zinatoka. Hapa mzee alituzidi wote. Alisema lori lililoandikwa tani kumi halifiki sokoni na tani kumi mpaka mtu apakie. Ndivyo ilivyo: kibao kinaeleza mzigo ambao nyaya za ndani zinaweza kuubeba bila kuungua. Kilichopakiwa ni habari nyingine.

Jaribio la tatu ndilo ninalompendekezea kila msomaji, kwa sababu halihitaji hesabu wala umeme wa ukutani. Tafuta mota ndogo ya umeme wa betri, kama ile iliyomo kwenye printa mbovu. Zungusha mhimili wake kwa vidole, unakwenda laini. Sasa gusanisha nyaya zake mbili na uzungushe tena. Utadhani umeutumbukiza kwenye asali. Hujaongeza breki yoyote, umeruhusu tu mkondo upite. Koili inapopita mbele ya sumaku inazalisha mkondo, na mkondo huo unaigeuza koili yenyewe kuwa sumaku. Sumaku hiyo mpya daima inasukuma kinyume cha mwendo ulioizaa. Mwanafizikia Heinrich Lenz aliliandika jambo hili huko Urusi mwaka 1834, na vidole vyako vinaweza kulithibitisha kwa sekunde kumi.

Kumbe jenereta isiyo na mzigo huzunguka kwa wepesi kwa sababu haitoi chochote. Kadiri unavyoongeza balbu, ndivyo inavyokuwa nzito. Sikiliza jenereta ya petroli ya duka la jirani mtu anapochomeka birika la umeme: injini inaguna, kisha inaongezewa mafuta. Anayesema jenereta yake inatoa umeme mwingi huku ikizungushwa na mota ndogo bila shida, ama haitoi anachosema, ama hajapima.

Vijana wetu walipopitisha mota ya printa mkono kwa mkono, mazungumzo yalibadilika. Kabla ya hapo tulikuwa tunabishana kuhusu nani anaamini. Baada ya hapo tukawa tunauliza ni wati ngapi.

Sasa unganisha vipande. Mota ndogo ya fezi moja ikiwa nzuri inageuza kama asilimia 78 ya umeme inaoupokea kuwa mzunguko. Mkanda mzuri unapitisha asilimia 95. Jenereta ndogo inarudisha asilimia 80 kuwa umeme. Ukiingiza wati 1,000, mhimili wa mota unapata 780, baada ya mkanda zinabaki 741, na jenereta inatoa 593. Irudishie mota hizo 593, na mzunguko unaofuata unatoa 352, unaofuata 208. Hapo hujawasha hata balbu moja. Zilizopotea hazikutoweka, ziguse. Ziko kwenye mwili wa mota uliopata joto, kwenye beringi, kwenye mkanda unaonuka mpira, kwenye upepo wa feni ya kupoozea. Kununua mota bora kunapunguza uvujaji tu. Hata kila kipande kingekuwa na ufanisi wa asilimia 99, mzunguko mmoja ungerudisha 97 kwa kila 100.

Na puli kubwa kwa puli ndogo? Hiyo ni gia ya baiskeli. Unapata kasi, unapoteza uzito wa msukumo, na mpanda baiskeli yeyote aliyeweka gia ya kasi kwenye mlima anajua ilivyo.

Lakini kuna hoja moja iliyotusumbua kweli, na iliyowapoteza mafundi wengi wazuri kuliko sisi. Fundi alileta mita ya klampu na kuifunga kwenye waya wa mota. Mota ikiwa tupu, bila mzigo, ilivuta ampea 4. Tukaipa kazi ya kuzungusha jenereta yenye balbu, ikavuta 5. Tazama, akasema, kazi yote ile imegharimu ampea moja! Zidisha kwa volti 230 na unapata wati 230 tu, wakati balbu zilikuwa zinakula zaidi ya hapo.

Kosa liko kwenye kuzidisha. Umeme wa ukutani unabadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na mota ikiwa tupu sehemu kubwa ya ampea zake zinaingia kujenga usumaku kisha zinarudi zilikotoka. Fikiria mtu anayesukuma bembea. Akisukuma wakati bembea inaondoka kwake, anaipa nguvu. Akisukuma wakati inamjia, mikono inachoka vilevile lakini bembea inamrudishia. Klampu inahesabu uchovu wa mikono. Haijui bembea ilikuwa inakwenda upande gani. Mita ya wati ya kuchomeka ukutani inaangalia vyote viwili, volti na ampea, kwa kila nukta ya muda. Tulipoitumia, zile ampea 4 za mota tupu zilisoma wati 260 badala ya 920. Zile ampea 5 za mota yenye mzigo zilisoma 850. Ampea zilipanda kwa robo, wati zikapanda zaidi ya mara tatu. Fundi alinyamaza, akaomba mita ashike mwenyewe, akarudia mara mbili. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa saa bora zaidi ya kikundi chetu hadi sasa.

Betri nazo zinadanganya kwa namna yao. Wapo wanaotengeneza vimota vya sumaku vinavyopiga mapigo mafupi ya umeme na kudai kwamba betri inajichaji huku ikifanya kazi. Wanapima volti, wanakuta zimepanda. Ila betri ya asidi ikipumzishwa baada ya kazi hupandisha volti yenyewe, kama mtu aliyesimama katikati ya mlima: pumzi imerudi, chakula tumboni hakijaongezeka. Tena betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na kifaa kinachokula wati 2 kitaishi juu yake karibu siku mbili. Jaribio la jioni moja haliwezi kuonyesha kitu. Njia ya haki ni kuichaji betri hadi ijae, kuimaliza kwa mzigo unaojulikana huku ukihesabu saa, kisha kurudia kipimo hichohicho baada ya kifaa kufanya kazi yake.

Kuhusu gari linalotumia maji sitakawia. Maji ni majivu ya haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ili kuyatenganisha unailipa nishati ileile iliyotoka ilipoungua, kama yuniti 4.4 kwa lita moja kwa uchache, na injini itakurudishia robo yake hivi. Mmarekani Stanley Meyer alichukua fedha za wawekezaji kwa ahadi ya namna hiyo. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio, baada ya wataalamu kukichunguza kifaa chake na kukuta ni uchanganuzi wa kawaida wa maji kwa umeme, iliamua kwamba alifanya udanganyifu na kumwamuru arudishe fedha.

Mtu ninayependa kumtaja kwenye kikundi ni mwingine. James Prescott Joule alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, karibu na Manchester, Uingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Hakuwa na kazi chuo kikuu. Alifanya majaribio nyumbani, kwa fedha ya familia, kama afanyavyo mtu mwenye mapenzi na kitu. Na alichoanza nacho kilikuwa mota ya sumaku-umeme: mwaka 1838, akiwa na miaka 19, tayari alikuwa amechapisha maelezo ya injini yake, akitumaini kwamba siku moja umeme ungechukua nafasi ya mvuke. Nikisoma habari zake namwona mzee wetu na gurudumu lake.

Joule alipima. Aliona mota ikishika kasi, mkondo kutoka kwenye betri unapungua, kwa sababu mota yenyewe imeanza kuwa jenereta inayosukuma kinyume. Alilinganisha zinki iliyoliwa ndani ya betri zake na makaa ya mawe kwenye injini bora za mvuke za Cornwall, na zinki ikashindwa vibaya, kwa kazi iliyofanya na kwa bei yake. Tumaini lake la kwanza lilivunjika mikononi mwake. Badala ya kutupa mita, alianza kuuliza kile kilichopotea kimekwenda wapi. Akafuata joto la nyaya. Mwaka 1843 alizungusha jenereta kwa mawe ya uzani yaliyokuwa yakishuka, akapima joto lililozaliwa. Baadaye akazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Kipimo chake cha mwaka 1850, tukikiweka kwa vipimo vyetu, kinasema kwamba kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji uzito wa kilo moja ushuke kama mita 424. Sheria inayokataa mashine ya mzee haikutungwa na watu waliotaka kulinda mauzo ya umeme, kama wanavyosema kwenye video. Ilichimbuliwa kwa sehemu kubwa na kijana wa kiwanda cha bia aliyetamani mota yake ishinde.

Na hapa pana jambo ambalo video hizo zinaligusa bila kulijua: mota ya kawaida kweli inaweza kuzalisha umeme. Mota ya mashine ya kusaga iliyotengenezewa mizunguko 1,500 huzunguka pungufu kidogo ya hapo inapofanya kazi. Ukiisukuma ipite 1,500 kidogo huku imeunganishwa na gridi, inageuka: inaanza kurudisha umeme. Inachodai ni msukumo kutoka nje ya mzunguko wake.

Huko Denmark, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, seremala Christian Riisager alijenga kinu cha upepo akifuata mfano wa kile cha Gedser, kilichosanifiwa na Johannes Juul na kuanza kazi mwaka 1957. Aliunganisha mota ya namna hii na gridi, na vinu vyake vya kilowati 22 vikapata wanunuzi. Wenye vinu walianzisha chama chao mwaka 1978 na wakawa wanachapisha gazetini kila kinu kimezalisha yuniti ngapi. Nadhani hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko kipande chochote cha chuma, kwa sababu mnunuzi alisoma namba za mita badala ya maneno ya muuzaji.

Karibu nasi zaidi ni Kirinyaga, nchini Kenya. Katika vijiji vya Kathamba na Thima, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mota za kawaida zilitumika kama jenereta, zikizungushwa na maji. Kathamba, lita 8.4 kwa sekunde zikishuka mita 28 zilitoa kilowati 1.1. Thima ilitoa 2.2, na turbini yake ilikuwa pampu ya maji iliyogeuzwa. Piga hesabu: maji ya Kathamba yana wati kama 2,300, na zaidi ya nusu zilipotea njiani, kwenye turbini na mota. Wala hakuna aliyesikitika, kwa sababu maji hayakuwa yakirudishwa juu. Mbali na gridi, mota ya hivyo inahitaji kapasita za kuamsha usumaku wake na kifaa cha kusawazisha mzigo ili volti zisirukeruke. Hiyo ni kazi ambayo fundi wa kusuka mota anaielewa akiambiwa mara moja.

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza, tulikwenda shambani kwa mzee. Tulichagua kiangazi makusudi, wakati kijito kiko kwenye hali yake ya chini kabisa. Tulikinga maji kwa kipande cha bati, tukaweka ndoo ya lita 20, kijana mmoja akashika saa. Sekunde tano. Lita nne kwa sekunde. Kwa mpira wa uwazi wenye maji tulishuka bondeni hatua kwa hatua tukipima mteremko, tukapata mita 12.

Mwalimu aliandika kwenye karatasi juu ya boneti. Wati 470 ndani ya maji, tuseme nusu itafika kwenye balbu, wati 235. Mchana na usiku, hiyo ni yuniti tano na nusu kwa siku. Mzee aliuliza gurudumu lake lilikuwa na ngapi, akaambiwa haifiki 0.008. Aliitazama karatasi kitambo, kisha akauliza bei ya bomba la inchi nne, na kama kibali cha kutumia maji kinaombwa kwa bodi ya maji ya bonde au kwa mtendaji wa kijiji. Bodi ya bonde, mwalimu alimjibu. Jumamosi ijayo tunaandika barua.